Oksijeni ndani ya uvimbe: kiasi kilichopo hakitoshi kutueleza

Tangu miaka ya 1950 inafahamika kwamba seli za saratani zilizokosa oksijeni huhitaji kipimo cha mionzi kinachokaribia mara 3 ya kile kinachoua seli zenye oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana watafiti wengi husaka sehemu za uvimbe zenye upungufu huo. Naziunga mkono juhudi hizo, ila naona swali moja halipewi uzito unaostahili: je, oksijeni imepungua kwa sababu damu haifiki, au kwa sababu seli zinaitumia haraka kuliko inavyoletwa?

Picha ya MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) inayofuatilia oksijeni ya damu hailijibu swali hilo ipasavyo. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikishaiachia oksijeni hiyo huvutwa na sumaku na kudhoofisha mawimbi yanayoizunguka, lakini mawimbi hayo hudhoofika vilevile kiasi cha damu kikiongezeka au mtiririko wake ukipungua, na katika uvimbe, ambako mishipa imejipinda na inavuja, mambo hayo yote hutokea kwa pamoja.

Tumaini langu liko kwenye oksijeni-17, isotopu (aina ya oksijeni yenye atomi nzito kidogo) isiyotoa mionzi, ambayo ni takriban asilimia 0.04 tu ya oksijeni yote ya asili. Mgonjwa huvuta gesi iliyoongezewa isotopu hiyo. Maadamu imeshikwa na himoglobini, mashine ya MRI haiioni. Huanza kuonekana pale tu mitokondria, sehemu ya seli inayotumia oksijeni kuzalisha nishati, inapoiunganisha na haidrojeni ikawa maji. Kinachopimwa, basi, ni zao la upumuaji wa seli wenyewe, na sijui ushahidi ulio wa moja kwa moja kuliko huo.

Gesi hiyo ni ghali mno, mawimbi yake ni hafifu, picha hukosa undani hata kwenye sumaku zenye nguvu nyingi, na ni lazima hesabu itenganishe maji yaliyotengenezwa papo hapo na yale yaliyoletwa na damu. Gharama hiyo naiona ina haki yake. Atovakwoni, dawa ya malaria inayozuia upumuaji wa mitokondria, imekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ili seli zitumie oksijeni kidogo na nyingine ibaki kusaidia mionzi. Majaribio ya namna hiyo yapime matumizi yenyewe, kabla ya dawa na baada yake, katika uvimbe uleule, ili mgonjwa asiyenufaika abadilishiwe tiba mapema, kabla mionzi haijaanza.