Karatasi ya deni: nani aitoe kwanza?

Kuanzia Mei hadi Septemba, ukanda wa korosho wa Mtwara na Lindi huishi kwa kukopana. Shamba linataka kufyekwa, mikorosho inataka salfa, na kibarua wa kupulizia anadai chake jioni ileile. Mwezi wa sita shule zinafungwa, na mwenye mtoto wa kuchezwa jando au unyago anahangaikia mchele, kuku na nguo mpya. Pesa yenyewe bado iko juu ya mti, maana minada huanza Oktoba. Ndipo inapotoka ile sentensi ambayo kila kijana wa Newala, Tandahimba, Ruangwa au Nachingwea ameisikia, kama hajaisema mwenyewe: "Nisaidie laki moja, korosho zikiuzwa nakurudishia."

Je, tuandikishane? Ukimuuliza kijana anayeuza vifaa vya simu stendi ya Masasi atakujibu ndiyo bila kufikiri. Mjomba wake atakuuliza tangu lini ndugu wakawekeana karatasi. Si haki kumcheka yeyote kati yao.

Tuanze na mjomba, kwa kuwa hoja yake ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo kwa jadi hufuata upande wa mama, na mjomba si jamaa wa pembeni. Ndiye aliyesimamia ngoma yako, ndiye atakayeitwa ukiposa au ukiposwa, na ukifa ndiye atakayeulizwa ukazikwe wapi. Hesabu ya watu wa namna hiyo haina mwanzo wala mwisho. Leo anakuomba elfu hamsini, lakini mwaka ule ulipofaulu kwenda sekondari godoro lako lilitoka kwake na hakuna aliyeandika. Ukimwekea karatasi kwa hii elfu hamsini unamwambia kwamba daftari limefunguliwa leo, na ya nyuma yote hayamo. Hapo ndipo anapoumia. Ana kusoma na kuandika kwake, kinachomuuma ni hesabu kuanzia pale palipokufaa wewe.

Kuna jambo la pili upande wake. Karatasi hugeuza msaada kuwa biashara, na biashara ina sheria zake. Aliyeandikishwa akilipa, amemaliza, hakudai fadhila na wewe humdai. Siku umekwama Muhimbili na mgonjwa usiku wa manane, utampigia nani? Ukoo usiohesabiana ndio bima ya watu wengi wa huku, na bima hiyo huishi kwa kutofungwa hesabu.

Upande wa pili nao una uzito, na uzito wake hauanzii kwenye kutoaminiana. Unaanzia kwenye kusahau, na kwenye kufa.

Kusahau kwanza. "Korosho zikiuzwa" inasikika kama tarehe, na tarehe siyo. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupima mzigo kwenye chama cha msingi, hupewa stakabadhi, mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unaingia mnadani, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, kisha kinachobaki kinaingia benki. Aliyekopesha huhesabu kuuzwa tangu siku alipoliona gunia kwenye mzani. Aliyekopa huhesabu tangu siku simu inapoita kuwa pesa imeingia. Kati ya siku hizo mbili zinaweza kupita wiki kadhaa, na ndani ya wiki hizo urafiki hugeuka minong'ono. Msimu wa 2018 uliwafundisha wengi: wakulima waligomea bei ya mnada, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yakahakikiwa kabla ya malipo, na wapo waliosubiri miezi mingi. Aliyekopa mwaka ule kwa ahadi ya korosho kuuzwa hakuwa mwongo. Ziliuzwa kweli. Pesa ndiyo iliyochelewa, na hakuna aliyekuwa ameandika ikichelewa itakuwaje.

Halafu kufa. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, msemaji wa familia husimama na kutangaza kuwa anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Angalia kinachotokea kwa mdai asiye na maandishi. Akisimama na kusema "namdai laki mbili", watoto wa marehemu wanatazamana. Hawajui lolote, na baba hayupo wa kuulizwa. Akinyamaza, amepoteza. Upande wa waliofiwa ni mbaya zaidi: wanaweza kulipa deni ambalo marehemu alishalilipa, au kukataa deni la kweli na kumwacha mzazi wao na mzigo. Karatasi moja, hata ya daftari la shule, ingewaondolea wote fedheha hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huenda waliyaona haya matanga.

Wengi wa mwambao wetu ni Waislamu, na mara nyingi mabishano haya huishia kwa shehe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu jambo hili hili: mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni, wekeni mashahidi, wala msichoke kuandika deni liwe dogo au kubwa. Anayetaka kuandikishana huisoma hiyo. Asiyetaka huisoma inayofuata, ya 283, inayosema mkiaminiana, basi aliyeaminiwa na arudishe amana. Na wote wawili hukumbushana ya 280, kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike. Lakini kuna kipande cha 282 ambacho wabishani wote hukiruka, nacho kwa maoni yetu ndicho chenye ufunguo: anayetoa maneno ya kuandikwa ni yule mwenye deni. Siyo mdai. Mdaiwa ndiye anayesema, na mwandishi anaandika.

Hapa ndipo adabu ilipo. Karatasi haimtukani mtu. Kinachoudhi ni mkono unaoitoa. Mkopeshaji akichomoa kalamu, anasema "sikuamini". Mkopaji akichomoa kalamu kabla pesa haijafika mfukoni mwake, anasema "nataka uwe na amani". Karatasi ni ileile. Kwa hiyo kijana, ukienda kukopa, beba karatasi yako. Usingoje kuombwa, na usimwache mwenzio atafute njia ya kukuambia.

Inaweza kuwa hivi: "Shikamoo mjomba. Nimekuja na shida. Nahitaji laki moja na nusu, nimalizie kupulizia. Nimeshaandika kabisa, ili hata nikipatwa na jambo wa nyumbani wajue." Mjomba atasema hakuna haja, na pengine ataisukuma karatasi pembeni. Iache mezani.

Iandikweje? Majina kamili matatu ya kila upande. Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno: Sh150,000 (shilingi laki moja na hamsini elfu), bila kuacha nafasi kati ya "Sh" na tarakimu ya kwanza, kwa sababu nafasi ile hukaribisha tarakimu nyingine. Tarehe ya kupokea. Tarehe ya kurudisha, na hapa ndipo wengi hukosea. Usiandike "msimu ukifika". Andika mfano: "siku 7 baada ya malipo ya korosho kuingia benki, na kwa vyovyote si zaidi ya tarehe 31 Desemba". Kama ni kwa mafungu, kila fungu na tarehe yake. Sahihi mbili, shahidi mmoja au wawili. Kalamu ya wino, si penseli. Kila mtu abaki na nakala yake, au ipigwe picha na simu zote mbili. Picha iliyo kwenye simu moja huzama pamoja na simu hiyo baharini Mikindani.

Tahadhari moja ya lugha: liepuke neno "kuazima". Kwa Kiswahili chetu huweza kumhusu aliyetoa na aliyepokea pia, na karatasi isemayo "mimi nimeazima" inaweza kusomwa kinyume siku ya ugomvi. "Nimekopa kutoka kwa" haina utata. Shahidi naye achaguliwe kwa mdomo wake kabla ya sahihi yake. Asiyeweza kukaa na siri mpaka Desemba atakugharimu kuliko deni lenyewe.

Kwa anayeona karatasi ni nzito mno, simu imeleta njia ya kati. Badala ya kumpa mtu noti mkononi, mtumie kwa simu, hata kama mmekaa jamvi moja. Ujumbe wa muamala unabeba kiasi, tarehe, saa, jina la mpokeaji na namba ya kumbukumbu. Hauelezi kuwa ni mkopo, na mtu anaweza kudai baadaye kuwa alipewa zawadi. Kwa hiyo mkopaji ajibu kwa ujumbe mfupi: "Nimepokea 150,000 uliyonikopesha, nitairudisha Desemba 15, ahsante sana." Sentensi hiyo ni shukrani, na ni ushahidi pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazikubali kumbukumbu za aina hii mahakamani, ila usifute ujumbe kwa sababu kisanduku kimejaa. Sheria za mikataba hazikatai makubaliano ya mdomo, na dai la mkataba lina muda wa miaka 6. Tatizo la mdomo ni kuthibitisha. Ukiwa chini ya miaka 18, sahihi yako haikufungi kisheria, na anayekukopesha kwa maandishi anajidanganya.

Na kuna deni ambalo hata likiandikwa vizuri halifai kusainiwa. Ni lile la kulipa kwa mzigo: "chukua laki moja sasa, utanipa gunia". Gunia la korosho ghafi huchukua takribani kilo 80. Kwa bei ya Sh 3,000 tu kwa kilo, hiyo ni Sh 240,000 kabla ya makato. Umekopa laki kwa miezi mitatu na kulipa zaidi ya mara mbili. Hiyo ndiyo kangomba, iliyopigwa marufuku, hata ikifanywa na jirani mwenye sauti ya upole. Mikopo ya kausha damu mijini, ile ya riba kali, ni ndugu yake. Karatasi hapa haimlindi mkopaji, inamfunga.

Tukirudi kwa mjomba na godoro: mpaka uko wapi? Kwa maoni yetu hakuna haja ya kuandika kila kitu, ingawa aya haikubagua kidogo na kikubwa. Elfu tano ya nauli ya bodaboda ukiiandika utachekwa, na kwa haki. Jipime hivi: kiasi hiki kisiporudi, je, nitamchukia huyu mtu? Kama hapana, toa, na moyoni kihesabu umekitoa. Kama ndiyo, ama kiandikwe ama kisikopeshwe. Kwa wazazi tusijifanye wajanja: pesa unayompa mama akaiita mkopo, mpe ukijua jina hilo ni heshima yake tu.

Kudai nako kuna adabu yake, na vijana wengi huharibu hapa hata wakiwa na karatasi safi. Usidai msibani, usidai mbele ya mke au mume wa mtu, usidai kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Siku tatu kabla ya tarehe, kumbusha kwa faragha: "Kaka, lile jambo letu la tarehe 15 liko palepale?" Tarehe ikipita, nenda mwenyewe, asubuhi, kabla hajatoka. Msimamo wa mtu huonekana usoni kuliko kwenye simu. Akisema hana, uliza anayo kiasi gani, kisha mwandike tarehe mpya chini ya ile ya zamani. Usiichane ya kwanza. Utani wa kabila na kabila, ambao huku unaruhusu mambo mengi hadi makaburini, usiutumie kama njia ya kudai. Atacheka na watu, na hatakulipa.

Mdaiwa naye asigeuze njia akimwona mdai wake sokoni. Mwenye sifuri mfukoni aende kusema ana sifuri kabla tarehe haijafika, maana kukopa harusi, kulipa matanga si amri kwamba lazima iwe hivyo. Mwenye nusu apeleke nusu. Akirudisha kwa simu aongeze na ya kutolea, la sivyo laki moja na nusu aliyopokea kamili inamrudia mwenyewe ikiwa pungufu, na upungufu mdogo wa namna hiyo hukumbukwa miaka.

Fungu la kwanza likilipwa, andikeni pembeni: "Imepokelewa 75,000, imebaki 75,000", tarehe, sahihi ya mpokeaji. Fungu la mwisho likifika, karatasi zote mbili ziwekwe pamoja, mdai aandike "imelipwa yote", na ile ya kwake ampe mdaiwa akae nayo yeye.