Sinema ya Dakika Tisini

Mie nina ombi moja tu kwa walimwengu: msinitazamishe tena sinema pamoja na watu wa mpira. Nimekoma.

Mambo yalianza ligi ya Uingereza iliposimama kupisha mechi za timu za taifa. Tunatazamia mpira chumba cha juu hapa Amu, yaani mji wa Lamu, hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni. Mabenchi yake ni mbao za dau lililozeeka, ukikaa vibaya msumari unakukumbusha. Mechi ni shilingi 50. Ligi ikisimama, chumba hubaki cha mende. Mwenyewe akakuna kichwa, akatangaza ataweka sinema kwa shilingi 30. Mie nikashukuru Mungu, nikajua wiki mbili hizi nitapumzika na habari za Manchester United kwamba inarudi. Inarudi tangu 2013. Aliyetoka Kiunga, kule mpakani na Somalia, kwa miguu mwaka ule keshafika, kaoa, kasomesha.

Usiku wa kwanza ikawekwa Jaws, ile ya papa, ya 1975. Nilichelewa, na kosa si langu. Kichochoro chetu hupitisha punda mmoja mwenye shehena au binadamu mmoja mwenye haraka, si wote wawili, na punda wa mchanga hajui kurudi nyuma. Nikarudi mie, kinyumenyume, mpaka mlangoni kwa jirani. Nilipofika nikamnong'oneza ami yangu, "Ami, imefika wapi?"

"Moja bila. Papa anaongoza."

Nikadhani ananitania. Wapi! Papa alipomla mtu wa pili, benchi la nyuma lote likasimama: "La pili hilo!" Yule meya aliyekataa kufunga ufuo kwa kuogopa kupoteza watalii wakampa ukocha, wakataka afukuzwe kabla ya mapumziko. Na mapumziko waliyachukua kweli. Dakika ya 45 chumba kizima kiliinuka kwenda kunywa kahawa chungu, hakuna aliyewaambia, ni miguu tu ilishazoea. Sinema ikabaki inayatazama mabenchi. Waliporudi wakanikalia kooni mie niwasimulie kilichopita. Ilipofika dakika ya 90 mtu akapiga kelele, "Mwamuzi, nyongeza ngapi?" Kijana mmoja wa simu, anayejua kila kitu ila kazi, akatazama: sinema ina dakika 124.

"Dakika 34 za nyongeza! Kwani nani kaumia?"

"Hukuona? Walioumia wote wameliwa."

Hao ni mashabiki. Kuna wavuvi. Nahodha wetu, mtu mzima, alitazama muda wote mikono kifuani kama mkwe asiyeridhika na mahari. Papa wa futi 25, wanaume watatu, mashua, mapipa, bunduki. "Kelele zote hizi," akasema, "kwa kitoweo?" Kijana wa simu akaleta elimu: yule papa ni mashine, ilitiwa kwenye maji ya chumvi ikawa inakufa kila mara, ndipo Spielberg, mwongozaji wa sinema, akalazimika kumficha, akatuonyesha pezi na kutupigia muziki, na woga wote umetoka hapo. Nahodha akaguna. "Injini ikinifia mie hapo mbele ya Shela naitwa mzembe. Yeye kaitwa bingwa."

Mwisho papa analipuliwa, risasi moja kwenye mtungi wa hewa aliouuma. Nikaruka, nikashangilia. Nilikuwa peke yangu. Chumba kimya kama matangani, nikatazamwa kama niliyeshangilia bao la ugenini. Halafu ikatoka sauti ya uchungu kutoka gizani: "Nyama yote ile! Wangemkausha tungefika naye Ramadhani."

Usiku wa pili ilikuwa Captain Phillips, ya 2013, Tom Hanks na meli ya mizigo iliyotekwa 2009 ikitoka Salalah kuja Mombasa. Nikawahi. Hii inatuhusu, bahari yenyewe ni hii hii yetu. Meli haijatulia baharini nahodha akasema, "Hii si bahari yetu."

Tukamcheka mpaka benchi likalia. Mtu akamwambia, shekhe, maji ni maji. "Maji si maji," akasema. "Wimbi letu limetoka mbali, lina pumzi. Haya ya kibeseni." Kijana akatafuta kwenye simu, na uso ukambadilika. Picha za baharini zilipigwa Malta, bahari ya Mediterania. Wallahi, hakuna aliyekohoa. Nahodha naye tangu usiku ule hakaliki naye. Halipi kahawa. Akionjeshwa mchuzi anasema nazi hii si ya hapa. Akisikia adhana anakwambia spika imebadilishwa.

Kwenye ile sinema kuna Barkhad Abdi, Msomali aliyeigiza mkubwa wa watekaji. Alikuwa hajawahi kuigiza, alikuwa dereva huko Minneapolis, na kwa mara hiyo moja akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar na kuchukua tuzo ya BAFTA ya Waingereza. Benchi la nyuma wakampa heshima zake: mchezaji wa akiba kaingia, kafunga. Ami yangu akanigeukia mie. "Na wewe umri huu wote ulikuwa wapi?" Bahati nzuri umeme ukazimika. Mwisho wake mpaka leo siujui.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Nikadhani itawapatanisha maana ni ya mpira wenyewe: Escape to Victory, ya 1981. Wafungwa wa vita wanacheza na Wajerumani jijini Paris. Wafungwa wenyewe ni Pelé, Bobby Moore, Ardiles, na Michael Caine mwenye kitambi akijifanya mchezaji. Golini Sylvester Stallone. Kabla haijaanza, mabwana saba wakawekeana dau, shilingi 50 kila mmoja, kwa mechi iliyochezwa kabla baadhi yao hawajazaliwa. Wanne wafungwa, kwa sababu ya Pelé. Watatu Wajerumani, kwa sababu Mjerumani ni Mjerumani. Shilingi 350 nikapewa mie nizishike, eti mie sina timu.

Stallone alidaka kama anayekimbiza kuku wa harusi. Mapumziko yakafika wafungwa wamefungwa nne kwa moja, na chini ya chumba chao cha kubadilishia nguo pamechimbwa njia ya kutorokea. Nao wanakataa kutoroka, wanataka kurudi uwanjani! Hapo kahawa ilimwagika. Nusu ya chumba: wanaume hao. Nusu: wapumbavu, nne moja na mlango uko wazi? Shabiki wa Manchester akasema kwa upole kwamba nne moja si kitu, mtu huzoea.

Pelé akaumizwa mbavu, akatoka, akarudi. "Aliyetoka harudi!" wakapiga kelele wa Mjerumani. "Katoka kutibiwa, si kubadilishwa!" Halafu ile tiktaka. Kwa mara ya kwanza nilisikia feni ya chumba kile. Nikasema sasa wameona uzuri. Wakairudisha mara tatu, wanapima kama aliotea.

Nne nne. Penalti ya Wajerumani, Stallone anadaka, watu wanavamia uwanja, wafungwa wanavishwa makoti ya raia na kutoka nje na umati. Wametoroka! Mie machozi yananilenga. Nani aliyeona? Wote wamenigeukia mie. Sare, kwa hiyo pesa zirudi. Hapana, uwanja umevamiwa, mechi imevunjika, mwenyeji anapoteza. Mwenyeji nani, Mjerumani au Mfaransa? Mmoja akataka irudiwe. Irudiwe, sinema! Tuliachana saa saba usiku na pesa nimezifunga kwenye pindo la kikoi.

Asubuhi kikoi sikukiona, kilikuwa kwenye kamba, kinadondoka maji. Nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya mtu asiyekuwa na neno.

"Nimeziona, bwana wangu," akasema, na uso mkunjufu sijauona tangu idi. "Umenikumbuka."

Ningesemaje? Mchana akapakua papa wa nazi, wali mweupe, ukwaju pembeni. Nilikula. Nilikula mara mbili, sitasema uongo.

Baada ya Isha wakaja saba wote, wamejipa jina la kamati ya rufaa, wakakaa barazani kwangu. Wamekubaliana: dau lirudi kwa wenyewe. Nikaanza maneno marefu, kwamba kanuni hazisemi hivyo, kwamba tusubiri ligi irudi Jumamosi, kwamba haraka haraka haina baraka. Nahodha hakunisikiliza. Alikuwa ameinua pua kuelekea jikoni, macho kayafumba.

"Huyu papa," akasema, "si wa pesa zako."