Ati niko nusu tenki?

Ijumaa nilienda kesha huku Kaptembwo, Nakuru, juu jirani alinisumbua wiki nzima, na nilitoka na hasira mpaka saa hii sijapoa. Mhubiri alikuwa mgeni, spika zake zinatikisa mabati, akatuambia ati wengi wetu tumeokoka sawa lakini tunatembea na nusu tenki. Kwamba kuna kujazwa kwa kwanza, alafu kuna kujazwa kwenyewe, na huko kwa pili hakupatikani hivi hivi, mpaka mfungo wa siku 21, mpaka mafuta yake ya upako, mpaka mbegu, yaani sadaka ya pesa, na till namba ya kuituma kwa simu ilikuwa imebandikwa pale mbele kubwa kuliko msalaba. Kwani EPRA, wale wa bei ya petroli, siku hizi wanapanga bei hadi mbinguni?

Ningecheka nikasahau. Lakini kando yangu alikuwa shosho anayetuuzia sukuma hapa steji, mtu ameomba tangu mimi sijazaliwa, nikaona ameinamisha kichwa, na tukitoka akaniuliza pole pole, "Kijana wangu, kumbe miaka hii yote nimekuwa mtupu?" Huyu ndiye alimpikia mamangu uji miezi miwili akiwa mgonjwa, na hatukuwa tumemwomba. Mtupu!

Sasa fungueni Wakolosai sura ya pili. Kolosai ilikuwa kamji tu, huko Uturuki ya leo, watu wake hata uso wa Paulo hawakuwa wameuona, injili waliletewa na Epafra, na Paulo anawaandikia akiwa kifungoni. Na shida yao ilikuwa hii hii yetu. Watu walikuwa wanawaambia Kristo hatoshi, ongezeni, shikeni sikukuu na mwandamo wa mwezi, hiki msionje, kile msiguse, abuduni malaika, na kuna mwingine anajigamba na maono yake. Paulo angewapea ratiba yake pia, si alikuwa mtume? Badala yake anawaambia ndani ya Kristo unakaa utimilifu wote wa Mungu, alafu mstari wa kumi, "mmetimilika katika yeye". Mmetimilika. Hajasema mtatimilika mkimaliza mfungo. Hiyo "me" peke yake imenihubiria kuliko yule jamaa na masaa yake matatu, juu chai ikiwa imeiva imeiva, hakuna haja mtu aje akuuzie kuni.

Sawa, najua mtanirushia Waefeso 5:18, "mjazwe Roho", na imeandikwa, siwezi bisha, tena ni jambo la kila siku. Lakini endeleeni kusoma basi. Kinachofuata ni kuimba, kushukuru, kunyenyekeana. Ya kusukumwa paji la uso mpaka uanguke sijaiona.

Kufunga pia sikatai, Yesu mwenyewe alifunga siku 40. Hata mimi nimeshawahi kushuka mapango ya Menengai, kule watu huenda kuomba, ule mwaka nilifutwa kazi, siku tatu na maji peke yake, baridi ya usiku huko inaingia mpaka kwa mifupa na kuna mtu pango la pili anakemea mapepo tangu saa nane. Nililia sana. Nikapata utulivu, nakubali, utulivu ambao hii ploti yetu haina. Lakini sikupanda juu na kitu shosho hana. (Kazi nilikuja kupata miezi mitano baadaye, kupitia binamu yangu.)

Mafuta ya upako nilinusa. Ni ya kupikia.

Jumamosi asubuhi nikampitia shosho kwa kibanda nikamsomea ule mstari kwa simu, miwani yake ilivunjika. Alikuwa anakatakata sukuma ya mteja, kisu kikasimama. "Hebu soma tena." Nikasoma. Akanisomesha mara ya tatu, akatingisha kichwa akicheka kidogo, alafu akaniambia mia tano alikuwa ashatuma usiku ule ule, kabla tufike nyumbani.