Hadithi za Kisayansi: Anzeni na Ngomeni, Mirihi Itangoja

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kama kilo 140, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ikapewa jina hilo hilo: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kazi hiyo moja, kusaka eksirei zitokazo angani, ambazo sisi huku chini hatuzipati kwa kuwa hewa inazizuia. Kazi yake ilikoma Machi 1973, na data zake zikatoa orodha ya vyanzo 339.

Nayaleta haya kwa sababu mwanafunzi wa kwetu akiambiwa aandike hadithi ya kisayansi hukimbilia Mirihi. Sentensi ya tatu haijaisha, mhusika ameshavaa suti ya fedha na anagombana na roboti. Mirihi haina kosa. Kosa ni kudhani utanzu huu hutambulika kwa vyombo vyake, kana kwamba kuvaa kanzu kunatosha kumfanya mtu sheikh.

Tazama Alfu Lela Ulela. Jini akimbeba mtu kutoka Baghdad hadi China hatumuulizi amekula nini wala amechoka kiasi gani. Jini ni jini. Lakini humo humo yumo farasi wa mpingo, na huyo ni mashine: ana kigingi cha kupandisha na kigingi cha kushusha. Mwana wa mfalme anampanda kabla hajafundishwa kushuka, anapaa mpaka ardhi inampotea, na kinachomwokoa ni kupapasa mwili wa farasi hadi akakipata kigingi cha pili. Yeyote aliyewahi kuwasha injini ya boti asijue pa kuizimia anaielewa hofu ile. Hapo msimuliaji ameshatia mguu mmoja ndani ya utanzu wetu, karne nyingi kabla haujapata jina. Kuna kitu kimoja kipya, kina kanuni zake, na kanuni hizo zinambana mhusika. Mhakiki Darko Suvin, katika kitabu chake cha 1979, alikiita kitu hicho *novum*.

Wengi huanza historia yenyewe mwaka 1818, Mary Shelley alipochapisha *Frankenstein*. Mtu anaunda kiumbe kwa elimu ya kemia na ya maiti, bila uganga, kisha anakikimbia alichokiunda. Baadaye katika karne ile wanakuja wawili ambao mwanafunzi asiwachanganye: Jules Verne wa Ufaransa na H. G. Wells wa Uingereza.

Verne hupiga hesabu mbele yako. Katika riwaya yake ya 1863, *Wiki Tano Angani kwa Puto*, safari inaanzia Unguja. Puto la haidrojeni linapaa karibu na mji na kuvuka bara hadi Senegal, likipanda na kushuka kwa kupasha gesi joto ili wasafiri waupate upepo wanaoutaka. Nahodha wa jahazi angemwelewa mara moja. (Watu wa bara, kwa upande mwingine, wanatazamwa kutoka juu kama mandhari, na mwalimu asilifunike jambo hilo.) Mwaka 1865 akawarusha watu kwenda mwezini kwa mzinga wa urefu wa mita 270 na ushei. Hapa mwanafunzi wa fizikia achukue kalamu. Ili risasi itoke mdomoni kwa kilomita 11 kwa sekunde, mchapuko ndani ya mzinga huo lazima uwe zaidi ya mara 22,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Abiria wangesagika sakafuni kabla moshi haujatoka. Ndiyo sababu Ngomeni walitumia roketi ya hatua nne, inayoongeza mwendo kidogo kidogo. Na ndiyo sababu walikaa karibu na ikweta: huko dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa kama mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa upande huo juu ya bahari tupu hupewa mwendo huo bure.

Wells hashughuliki na hesabu. Mashine yake ya kusafiri katika wakati, ya 1895, ina tandiko na nyenzo mbili, basi. Anachotaka ni kukufikisha mwaka 802,701 uone matajiri na wafanyakazi wamegeuka aina mbili za viumbe, na mmoja anamla mwenzake. Binafsi namwona Wells kuwa mwalimu bora kwa anayeanza.

Yaliyofuata niyapitie mbio. Mwaka 1920 Karel Čapek aliandika tamthilia iliyoleta neno roboti, kutokana na neno la Kicheki la kazi ya shokoa. Aprili 1926 Hugo Gernsback alianzisha Marekani jarida la kwanza la hadithi hizi peke yake, na hapo ndipo wanasayansi wa kwenye hadithi walipozoea kuhutubia kurasa mbili nzima. Mwaka 1937 John W. Campbell alishika jarida jingine akadai wahusika wawe kama watu halisi. Kwetu, Katama Mkangi wa Kilifi alichapisha *Walenisi* mwaka 1995, riwaya ya safari ya kwenda sayari yenye jamii ya haki. Litamke jina polepole utajua sayari ile ni ya nani. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu akatoa filamu fupi *Pumzi*, ambamo maji yameadimika hadi jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe.

Sasa vijitanzu. Vitabu vya shule huvipanga kama dawa kwenye kabati, mwanafunzi anakariri majina kisha hajui ayafanyie nini. Mimi naona kijitanzu ni swali unalokiuliza kitu kipya. Chukua kitu kimoja tu: tuseme Lamu, ambayo maji yake matamu hutoka visima vya kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, imepata mtambo wa kuondoa chumvi baharini.

Anayeuliza "unafanyaje kazi?" yuko kwenye mkondo wa sayansi yenye hesabu, na lazima azijue. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Maji husukumwa kwenye utando kwa shinikizo la baa 55 hadi 70, wakati tairi ya gari dogo ina baa 2 hivi. Kati ya lita 100 zinazoingia, kama 40 hutoka tamu. Watu 10,000 wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, zinatakiwa lita 500,000. Basi zinavutwa lita 1,250,000, na zinarudi baharini lita 750,000 zenye kama gramu 58 za chumvi kila moja. Stima ni yuniti 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000, yaani hadi 2,000 kwa siku.

Lita hizo 750,000 ndizo hadithi. Maji ya chumvi kali ni mazito, huzama na kutambaa chini. Bomba likiishia kwenye mkondo uliotulia kati ya mikoko, kaa na kamba ndio watakaolipa, na mvuvi atakuwa wa kwanza kujua. Hiyo ni riwaya ya tabianchi na mazingira. Ukiuliza "nani anashika ufunguo wa bomba?" umeingia distopia, hadithi ya jamii iliyooza kwa dhuluma. Mita ikifungwa kwa programu ya kampuni ya mbali na kijana wa Langoni akaivunja kwa simu kuukuu, hiyo ni saibapanki, mkondo uliopamba moto miaka ya 1980. Wakipigania mtambo kwa merikebu za angani, ni visa vya vita vya angani, ambavyo jina lake la Kiingereza, *space opera*, lilianza mwaka 1941 kama kejeli. Simlaumu anayevipenda. Ila mtambo ukiutoa ukaweka sanduku la dhahabu na kisa kisibadilike, hukuandika hadithi ya kisayansi.

Makosa ninayoyaona sana ni mawili. La kwanza ni kuvumbua vitu vitatu kwa mpigo: mtambo, roboti, na dawa ya kutokufa, msomaji hajui tena kipi kimesababisha nini. La pili ni mashine isiyoharibika. Katika hewa ya chumvi ya pwani kila bolti hushika kutu, utando huziba kwa uchafu na viumbe vya baharini, na kipuri hungoja meli. Mpe mhusika fundi, na mpe fundi deni.

Kijitanzu ninachokipendekeza kwa Malindi hakihitaji mashine hata moja: historia mbadala. Vasco da Gama aliondoka hapa na rubani tarehe 24 Aprili 1498, akatia nanga karibu na Calicut 20 Mei. Kurudi, alikaidi majira ya upepo, akakaa baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye. Sasa badilisha jambo moja: mfalme wa Malindi anakataa kutoa rubani. Mwanafunzi ataandika haraka kwamba Wareno hawakufika India. Apunguze mwendo. Kusi inaanza kushika. Mreno akichelewa mwezi mmoja, bahari inachafuka na inambidi angoje mpaka Agosti, yuko na wanaume wenye njaa, bidhaa ambazo sokoni hakuna anayezitaka, na Mombasa, alikokwisha kugombana nao, iko kusini kidogo tu. Analala wapi miezi hiyo mitatu, na mfalme anamuuzia mbuzi kwa bei gani?