Jibu la ufahamu limo ndani ya kifungu

Nimesahihisha maswali ya ufahamu kwa miaka kadhaa sasa, na kinachoniuma zaidi ni alama zinazopotezwa na watu wanaojua kusoma vizuri kabisa. Wanasoma kifungu mara moja, wanaelewa, kisha wanajibu kwa kumbukumbu bila kurudi nyuma.

Chukua sentensi hii: "Mvua haikunyesha kama wakulima walivyotarajia, lakini mto haukukauka." Swali linataka uchague kauli iliyo sahihi kulingana na kifungu. Mojawapo inasema, "Wakulima walipata hasara." Wengi huikimbilia hiyo, maana nani asiyejua kuwa mvua ikipungua mkulima huumia? Lakini kifungu hakijasema hivyo. Pengine maji ya mto ndiyo yaliyowaokoa. Mtahini anayeijua kazi yake hutega papo hapo: huandika jambo lenye ukweli maishani ambalo halimo kwenye maandishi.

Ndiyo maana huwaambia wanafunzi: kabla ya kuandika jibu, weka kidole kwenye mstari uliokupa jibu hilo. Usipouona mstari, umekisia. Hata swali la "unafikiri ni kwa nini" linadai ushahidi kutoka mle mle.

Sisemi uache ujuzi wako mlangoni. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi hadithi ya mechi ya besiboli, wakawataka waiigize kwa kusogeza vinyago juu ya uwanja mdogo wa mfano. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo soma mambo mengi tofauti miezi mingi kabla ya mtihani. Hakuna mbinu itakayoziba pengo hilo. Ila ujuzi huo ukusaidie kuelewa, usikujibie.

Neno hilo "ila" nalo lina kisa. Kifungu kinasema, "Kijana yule hakuwa na ila," swali linauliza maana ya "ila" kama ilivyotumika. Mtahiniwa anaandika "lakini". Hapo ni dosari, kasoro. Angelirudisha jibu lake ndani ya sentensi, "hakuwa na lakini", angelishtuka mwenyewe.

Kuna wanaoshauri maswali yasomwe kwanza. Mimi siafiki. Anayeanza na maswali huwinda maneno yanayofanana, na akiliona neno la swali kwenye aya ya pili hunakili sentensi nzima, hata kama jibu liko aya ya nne. Yatupie jicho ukitaka, kisha soma kifungu chote, ukipigia mstari "lakini", "hata hivyo" na "ingawa", kwa sababu hapo ndipo mwandishi hugeuza kauli.

Na ile imani kwamba jibu la kwanza halibadilishwi? Mapitio ya tafiti 33 yaliyochapishwa mwaka 1984 yalionyesha kinyume: wengi waliobadilisha majibu walitoka kwenye kosa wakaingia kwenye usahihi. Basi dakika tano za mwisho rudia maswali yenye "isipokuwa" na "si kweli", maana hayo ndiyo husomwa kwa pupa. Ukiona mstari unaokupinga, futa bila woga. Kama ni wasiwasi tu, liache jibu lako.