Fokker Isiyo na Gurudumu la Pua

Marehemu baba mdogo aliniachia urithi wa ndege. Msishtuke, ni ya plastiki: mfano wa ndege ya abiria Fokker Friendship, wa kuunganisha kwa gundi, wa kampuni ya Airfix, kipimo cha 1/72 (yaani mara 72 ndogo kuliko ndege halisi), mabawa sentimita 40. Aliiunganisha mwenyewe zamani, halafu akaipaka rangi ambayo mpaka leo naamini ilibaki baada ya kupaka geti. Ilinifikia Chang'ombe ya Dodoma nilikopanga ikiwa haina kioo cha rubani, haina waya wa antena, na haina gurudumu la pua.

Rangi ya zamani inavuliwa kwa kuiloweka kwenye mafuta ya breki. Plastiki yenyewe haidhuriki. Nikaenda duka la spea.

"Ya gari gani?" kijana akauliza.

"Fokker."

Akafikiri kidogo. "Old model au new model?"

Waya haukunisumbua. Unachukua kijiti cha plastiki, unakipasha juu ya mshumaa mpaka kilegee, unakivuta taratibu, kinatoka uzi mwembamba kama unywele. Kioo nilikitoa kwenye chupa ya maji, nikaikaza kwa moto juu ya kibao nilichokichonga umbo la pua. Vidole viwili viliungua, lakini kioo kikapatikana.

Gurudumu ndilo lililonitoa jasho. Fokker hii ina gurudumu moja tu puani, na kwa kipimo hicho halizidi sana milimita 8. Punje ya mahindi, basi. Nilichukua kijiko cha plastiki nilichorudi nacho kutoka harusini (msiniulize kwa nini nilirudi nacho), nikakata visahani vitatu kwenye mpini, nikavigandisha kimoja juu ya kingine, nikasugua kwa msasa jioni tatu mfululizo. Tundu la ekseli nikalitoboa kwa sindano ya moto. Kazi safi kabisa! Nikaliweka kibarazani juu ya kifuniko cha ndoo, jeupe pee, nikaingia ndani kutafuta rangi nyeusi.

Mwezi wa Agosti upepo wa Dodoma hauna adabu. Nilisikia kifuniko kikibingirika uani, nikatoka mbio, nikamkuta tetea mweupe wa Mama Neema ananyoosha shingo na kumeza kitu kwa taabu. Akanitazama. Akajifuta mdomo mchangani.

Nikajiambia, kilichoingia kitatoka. Nikakata kijiti nikaanza kumfuata. Akizunguka choo, nipo. Akipita chini ya kamba ya nguo, nipo. Akiacha chochote nyuma, nachuchumaa, nachokonoa, naendelea na safari. Nilikuwa kwenye rundo la nne niliposikia sauti ya mtoto: "Mamaaa! Kaka wa chumba cha mwisho anachambua mavi ya kuku!"

Kumbe wiki ile kuku wawili walikuwa wamepotea mtaani. Dakika kumi hazikuisha, mjumbe akawa amefika, mzee wa Kigogo mpole sana, fimbo mkononi.

"Mbukwa, mwanangu. Una shida gani na kuku wa watu?"

"Shikamoo mzee. Amemeza gurudumu la ndege."

Mzee akatazama juu ya mwembe. "Ndege gani huyo ana gurudumu?"

"Si ndege wa kuruka, mzee. Yaani anaruka... inaruka, ila hii yangu hairuki."

"Umekunywa mvinyo?"

Nikakimbilia ndani nikaileta Fokker. Akaigeuza, akaigusa propela, akatabasamu kidogo, halafu akanirudishia, akasema kwa uzito wote wa ujumbe wake: "Usingojee nyuma, utazeeka. Firigisi ikishika kokoto haiachii upesi. Nunua kuku, chinja, tuone."

Mama Neema akataja elfu thelathini na tano. Nikasema kuku huyu hata elfu ishirini hafiki. Akasema anahesabu na mayai ambayo hajataga. Nililipa.

Uwanja mzima ulisimama firigisi ilipopasuliwa. Mzee alichokoa kwa ncha ya kisu, akawa anataja kimoja kimoja kama karani: mchanga, kokoto, kigae cha sahani, kokoto, shanga moja nyekundu.

Baba Neema akainama kuitazama ile shanga. "Mama Neema, hii si ya ule ushanga wako wa kiuno uliokatika siku ile..."

"Baba Neema, nyamaza."

Tulinyamaza wote. Gurudumu halikuwemo. Mzee akaiosha firigisi, akaifunga kwenye jani la mgomba kwa ajili ya safari ya nyumbani kwake, nikawa nimebaki nimeshika Fokker, pua chini.

Hapo ndipo nilipoinua macho, nikaona kwenye kivuli cha tangi la maji tetea wengine weupe, wamejipanga, wanafanana kama pacha. Mama Neema alifuata macho yangu. Sauti yake ikawa ya upole, sijawahi kuisikia tangu nihamie pale.

"Wapo sita, kaka. Tukukamatie yupi?"