Evangelion Kwenye Diski: Picha Imerudi, Wimbo Umebaki Nje

Katika sehemu ya 22 ya Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa katuni wa Kijapani, wasichana wawili, Asuka na Rei, wanasimama ndani ya lifti bila kutazamana wala kusemezana. Kwa karibu dakika nzima hakuna cha maana kinachosogea. Hausikiki ila mlio wa mtambo, hadi Rei anapovunja ukimya. Aliyeliona tukio hili kwenye simu, kwa faili lililobanwa mara kadhaa likapitishwa kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono, huenda alidhani video imekwama. Kwenye diski ya Blu-ray hadhani hivyo, kwa sababu chengachenga za filamu, yaani zile chembe ndogo za picha, zinaendelea kucheza juu ya nyuso za wasichana hao hata wakiwa wametulia kama picha ya ukutani, na kwa hiyo ukimya wao unahisiwa kuwa wa watu walio hai wanaojizuia kusema. Nimeanza na lifti hiyo kwa makusudi, kwa kuwa hoja nyingi za kununua au kutonunua toleo hili la nyumbani zinazungumzia sanduku na bei, ilhali tofauti yenyewe imo katika mambo madogo ya namna hii.

Kwa asiyeufahamu, mfululizo huu wa sehemu 26 ulitengenezwa na studio ya Gainax chini ya uongozi wa Hideaki Anno, ukarushwa na TV Tokyo kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi tarehe 27 Machi 1996. Juu juu ni hadithi ya mvulana wa miaka 14, Shinji Ikari, anayeitwa na baba aliyemtelekeza ili aendeshe mtambo mkubwa wa kupigana na viumbe waitwao Malaika. Kwa ndani ni uchunguzi wa woga wa kukataliwa, na sehemu mbili za mwisho zinaacha kabisa vita na kuingia ndani ya akili ya Shinji, jambo lililowakasirisha watazamaji wengi wa wakati ule. Nchini Marekani kanda na DVD ziliuzwa na kampuni ya ADV Films, iliyosambaratika mwaka 2009, na baada ya hapo nakala halali zikaadimika mpaka bei za mitumba zikapanda. Netflix iliurudisha tarehe 21 Juni 2019 ukiwa na tafsiri mpya na waigizaji wapya wa sauti za Kiingereza. Mwaka 2021 kampuni ya GKIDS ikautoa kwa Blu-ray katika Amerika Kaskazini, na hilo ndilo toleo ninalolipima hapa.

Ikumbukwe kwamba kwa Evangelion diski haijawahi kuwa ghala la kuhifadhia kilichokwisha kurushwa tu. Sehemu za 21 hadi 24 ziliongezwa matukio mapya zilipotolewa kwa video nchini Japani, na mwaka 1997 mwisho wenyewe ukapewa sura nyingine katika filamu ya sinema, The End of Evangelion. Mwaka 2003 picha na sauti zikasafishwa upya, na mwaka 2015 likatoka toleo la Blu-ray la Kijapani. Anayedai kwamba anataka Evangelion halisi, isiyoguswa, analazimika kwanza kueleza anamaanisha ipi.

Kuhusu picha sina mengi ya kubishana. Rangi zina kina, michoro ya mandharinyuma inaonekana kuwa ni kazi ya brashi, na waandaaji hawakufanya kosa lililozoeleka la kufuta chengachenga mpaka nyuso zing'ae kama plastiki. Mtandaoni picha hiyohiyo hubanwa ili ipite kwenye bando, na kinachotolewa sadaka kwanza ni zile chembe nilizozitaja kwenye lifti.

Mzozo mkubwa umo katika tafsiri. Katika sehemu ya 24 kijana aitwaye Kaworu anamwambia Shinji neno la Kijapani suki, lenye maana ya kupenda. Tafsiri ya zamani ya Kiingereza ilitumia kitenzi cha mapenzi mazito, love. Tafsiri mpya, iliyofanywa na Dan Kanemitsu, ilichagua kitenzi chepesi, like, kile ambacho Mwingereza hukitumia kwa rafiki au kwa chakula. Mashabiki wengi waliona kwamba uhusiano wa vijana hao umefifishwa kwa makusudi. Wanaoitetea tafsiri mpya wanasema neno la Kijapani lenyewe lina utata, na kwamba si kazi ya mtafsiri kuamua pale ambapo mwandishi hakuamua.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuutazama ugomvi huu kwa mbali na kwa utulivu, kwa sababu lugha yetu isingeuzua. Mtoto hupenda wali, mama humpenda mwanawe, kijana humwandikia mchumba wake kwamba anampenda, na kitenzi ni kilekile kimoja. Mazungumzo yale yangeweza kuandikwa hivi: “Unastahili kupendwa.” “Kupendwa?” “Yaani nakupenda.” Utata wote wa Kijapani ungebaki mahali pake, na mtazamaji angeamua mwenyewe kwa kuangalia macho ya wasemaji. Kiingereza hakina mlango huo. Lazima kichague, na kila uchaguzi unapoteza kitu. Hata hivyo naona tafsiri ya zamani ilipoteza kidogo zaidi. Baadaye katika sehemu hiyohiyo Shinji, akiwa amevunjika moyo, anaeleza kwamba Kaworu alimwambia anampenda, na kwamba hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Kauli hiyo inahitaji neno lenye uzito. Ukiweka neno jepesi, kilio cha kijana kinaonekana kikubwa kuliko kilichokisababisha.

Si kwamba tafsiri mpya ni mbovu kotekote. Mahali pengi iko karibu zaidi na maneno ya Kijapani, wakati mwingine karibu kupita kiasi: marubani wanaitwa kwa wingi hata anapotajwa mmoja, kana kwamba sisi tungesema “watoto wa tatu” tukimwonyesha Shinji peke yake, aliye “mtoto wa tatu”. Wajapani waliazima neno la Kiingereza children (watoto) katika umbo la wingi, na kulirudisha hivyohivyo ni uaminifu unaochekesha.

Hapa ndipo mpangilio wa matoleo unaponikera. Toleo la kawaida la GKIDS lina tafsiri mpya na sauti mpya tu. Anayetaka pia sauti na tafsiri za zamani ilimbidi anunue matoleo ya wakusanyaji, ambayo ni ghali zaidi na yanakuja na vikorokoro vya kupamba kabati. Kwa upande mmoja, GKIDS inastahili shukrani, maana ingeweza kuziacha sauti zile zipotee kabisa. Kwa upande mwingine, kilichokuwa kumbukumbu ya kizazi kizima cha watazamaji kimegeuzwa kuwa zawadi ya wenye nafasi.

Kuna kilichokosekana hata kwa waliolipa zaidi. Kila sehemu ilipomalizika zamani, ulisikika wimbo wa Fly Me to the Moon, uliotungwa na Bart Howard mwaka 1954, ukiimbwa kwa namna tofautitofauti kutoka sehemu moja hadi nyingine. Netflix iliuondoa nje ya Japani, na diski za GKIDS hazikuurudisha. Mahali pake pamewekwa muziki wa piano kutoka ndani ya mfululizo wenyewe. Maelezo yanayokubalika na wengi ni gharama za haki za wimbo, na mtu wa biashara ataliona hilo kuwa jambo la kueleweka. Ila si badiliko la pambo. Wimbo ule mwepesi wa mapenzi, uliofuata mara tu baada ya damu na vilio, ulimwacha mtazamaji njia panda: je, anabembelezwa au anachekwa? Piano ya huzuni inamwambia moja kwa moja kwamba ahuzunike. Kazi iliyojengwa juu ya hisia zisizo na jina imepewa kibwagizo kinachozitaja.

Kwa mnunuzi aliye Afrika Mashariki, au Oman na Ghuba, lipo jambo la kukagua kabla ya yote. Diski za Blu-ray hugawanywa kwa kanda za dunia: Amerika na Japani ni kanda A, Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ni kanda B. Toleo la GKIDS ni la kanda A, na deki ya kawaida iliyonunuliwa Nairobi au Dar es Salaam italikataa, hata kama umekwisha kulipia usafiri na ushuru. Toleo lililotolewa Uingereza na Anime Limited ndilo linalolingana na mashine zetu. Ongeza kwamba kompyuta nyingi mpya hazina tena sehemu ya kuingizia diski, na utaona kwa nini wengi watabaki na mtandao, nami siwalaumu, ingawa mkataba wa jukwaa ukiisha, mfululizo huondoka bila kumuuliza mtazamaji.

Ushauri wangu unategemea ulikotoka. Ambaye hajawahi kuuona atosheke na toleo la kawaida, au hata na Netflix, mradi autazame kwenye skrini kubwa na asiruke lile tukio la lifti. Aliyeukulia kwa sauti za ADV atafute sanduku la wakusanyaji la kanda B akiweza kulimudu, na kama bado anazo zile DVD za zamani asizitupe: picha yake ni hafifu, lakini wimbo umo.